Mpunga Niliompelekea Paskalina

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
14 Juni 1976

Mume wangu Tarsis,

Marahaba, ingawa shikamoo yenyewe sijaiona. Tangu Pasaka unakula mshahara wa serikali kimya kimya. Kama huko kituoni kwenu wino umekwisha, sema nikutumie. Huku tunapanga foleni ya sabuni na foleni ya sukari, lakini wino upo, maana hauliwi.

Mimi mzima, goti tu. Mboni wa chumba cha uani kajifungua mtoto wa kike, kelele usiku kucha, na baba yake ndiye anayelala. Vitumbua vinatoka. Soko jipya limeisha kujengwa, ghorofa kama meli, na bawabu mmoja alinifukuza kwenye ngazi zake. Nikamwambia, mwanangu, mimi nauza hapa tangu mama yako hajavunja ungo. Sasa nakaa upande wa mtaa wa Tandamti na wateja wamenifuata. Usidhani naandikiwa barua hii. Kisomo cha watu wazima nimemaliza, cheti ninacho, naandika mwenyewe.

Habari ya nyumbani. Mama yako Paskalina kavuna. Ule mpunga niliompelekea mwaka jana, madebe mawili, nilimchagulia mwenyewe kwa Zahoro muuza nafaka, mpunga wa kunukia ulioshuka na lori kutoka mbali. Usiniulize Zahoro aliupataje. Paskalina anasema ukipikwa wapita njia wanapiga hodi. Jirani wote wanamwomba mbegu na yeye anawagawia, wanauita "Bibi Kariakoo". Unasikia? Mbegu yenu ya mradi ile ya magunia ya serikali haina jina la mtu, ina namba. Ukiipika hata aliye chumba cha pili hajui kama leo kwako moto umewaka.

Uoe. Nimechoka kuwa mke wako peke yangu.

Bibi yako, Winifrida


Kituo cha Mpunga, Lukande
20 Julai 1976

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kukaa kimya. Mimi sijambo. Malaria ilinishika mwezi wa tano ikaniachia. Goti lipake mafuta ya nyonyo, usilisugue na mafuta ya vitumbua kama ulivyofanya mwaka ule.

Nilikwenda kijijini Jumapili iliyopita. Mama yuko salama, amekonda kidogo. Nilikula wali wako na kweli unanukia. Nilikuta pia majani yenye madoa katika shamba lake, nikachuma machache nikaja nayo.

Kuhusu kazi, uliniuliza siku nyingi ninafanya nini na sikukujibu vizuri. Kuna ukungu unaoshika majani ya mpunga. Doa lake lina umbo la jicho, katikati kijivu, pembeni kahawia. Kwa kutazama tu ukungu huo ni mmoja, lakini ndani yake zipo koo nyingi. Ukoo huu unaua mpunga fulani na kuuacha mwingine, ukoo ule unafanya kinyume. Kuzitambua tunapanda miche ya mipunga mbalimbali, kila aina chungu chake, tunainyunyizia ukungu wa mahali fulani, kisha tunatazama nani kafa na nani kasimama. Ndivyo tunavyojua ni ukoo gani. Mbegu ya mradi ilichaguliwa kwa sababu inasimama mbele ya koo zote za bonde letu.

Bibi, ule mpunga wa Zahoro ulitoka bonde gani? Ninauliza tu.

Msalimie Mboni na mtoto.

Mjukuu wako, Tarsis


Kariakoo
3 Agosti 1976

Tarsis,

Marahaba. Goti nimelipaka, linanuka.

Nimemsomea Mboni barua yako ya vyungu, tukacheka mpaka mtoto akaamka. Yaani umesomeshwa, mama yako akauza mbuzi, mimi nikaunguza vidole kwa mafuta miaka na miaka, ili ukaue miche kwa makusudi uone itakavyokufa? Sawa. Kuna watu wanalipwa kwa mengi.

Lakini la koo nimelielewa, usinione mjinga. Hata watu ndivyo walivyo. Kuna ukoo ukiingia kwao utakaribishwa, na ukoo mwingine wakikuona tu mlango unafungwa.

Mpunga ulitoka wapi sikuambii. Zahoro ana watoto saba, na siku hizi gunia likitembea bila kibali linamtembeza na mwenyewe mpaka kituo cha polisi. Ulitoka kusini, inatosha.

Sasa na wewe acha kuzunguka. "Ninauliza tu." Baba yako alikuwa hivyo hivyo, akivunja kitu anauliza kwanza kama ulikuwa unakipenda. Umeona nini kwenye vyungu vyako? Sema, mimi si yai.

Winifrida


Lukande
28 Septemba 1976

Bibi,

Shikamoo. Ninaomba baraka zako kabla hujasoma mbele. Huku jua kali, mto umeshuka, Mama anakusalimu.

Umesema nisizunguke. Nilinyunyizia ukungu wa majani ya Mama juu ya vyungu vyote. Nikarudia, kwa sababu sikuamini. Mkuu wangu naye akarudia kwa mkono wake. Mpunga wako uliugua kidogo tu. Mbegu ya mradi, ile inayosimama mbele ya koo zote za hapa, ililala chini yote. Haukusalia mche.

Ukungu huo si wa bonde letu, Bibi. Haukuwahi kuonekana hapa. Umekuja ndani ya punje za mpunga wa Zahoro. Ulizichagua vizuri, hakuna jicho la mtu ambalo lingeweza kuuona.

Mwaka huu haukuonekana sana kwa kuwa ulikuwa kwenye shamba la Mama tu. Sasa punje hizo ziko kwenye kihenge cha kila jirani, na mabua yake yako mashambani. Mvua zikija watasia mbegu ya Bibi Kariakoo kandokando ya shamba la kijiji, ambalo lote ni mbegu ya mradi. Mwaka huo hakutakuwa na mavuno, si kwa Mama peke yake.

Dawa ni moja. Mpunga huo wote uliwe, usisiwe hata punje, na mabua yachomwe kabla ya mvua. Yote, kila nyumba. Nyumba moja ikibaki ni kama hatukufanya kitu.

Nilimweleza Mama. Alinisikiliza vizuri akanipa maji ya kunywa, kisha akasema, "Mwanangu, mbegu aliyotoa mama mzazi haitupwi na mwana. Mwenye kuitupa ni aliyeitoa, kwa kinywa chake." Na jirani wanasema hivyo hivyo. Nilikwenda na mkuu wangu tukawaambia, wakasema mradi unaona wivu.

Ndiyo maana nakuomba, Bibi. Andika barua kwa Mwenyekiti wa kijiji, Benjamini, isomwe mkutanoni, useme wewe uliyeitoa mbegu unaikataa. Wewe tu. Jina la Zahoro si lazima.

Mvua hukawia mpaka Desemba. Ukiandika upesi tutawahi.

Tarsis


Lukande
2 Novemba 1976

Bibi,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ilipotea. Kama ilifika, tafadhali jibu hata mstari mmoja. Jirani wa Mama wameanza kusafisha mashamba.

Tarsis


Kariakoo
22 Novemba 1976

Tarsis,

Barua yako haikupotea. Posta wanafanya kazi yao.

Huku wazima. Mtoto wa Mboni kaota meno mawili ya juu kwanza na majirani wana maneno yao, nimewaambia wanyamaze. Sukari haipo kabisa. Vitumbua natia kidogo sana na wateja wanakunja midomo.

Umeniandikia kwamba nimempelekea mwanangu maradhi. Hilo ndilo uliloandika, hata ukilifunga kwenye khanga. Mimi mpunga ule niliumwaga juu ya jamvi, nikauchagua punje kwa punje siku nzima ya Jumapili, Misa sikwenda. Haukuwa na doa. Nilimpelekea mwanangu kwa sababu mwaka wa njaa, wewe ukiwa shuleni unakula bure, yeye alikula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na mizizi, na mimi nilikuwa hapa mjini sina cha kumpa. Mwaka uliofuata nikapata. Nikatoa. Wakaita jina langu kwenye mpunga. Mimi niliyeondoka kijijini pale na watu wakinizomea kwa kuacha mume, leo wanasia jina langu! Halafu unataka Benjamini, ambaye nilimfuta kamasi, asimame mbele ya watu aseme Winifrida kaleta uchafu.

Nimekwenda kwa Zahoro, nikamwuliza kuhusu shamba ulikotoka mpunga ule. Hakunitazama. Akasema, "Bibi, majirani wa shamba lile mwaka huu hawakuvuna." Basi.

Nimeshamwandikia mama yako. Nilichomwandikia ni changu na chake. Wewe tulia na vyungu vyako.

Winifrida


Lukande
16 Januari 1977

Bibi,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Nilikula Krismasi hapa kituoni, wali wa mradi, hauna harufu kama ulivyosema.

Nimetoka kijijini jana. Nakuandikia jinsi nilivyoona.

Barua yako ilimfikia Mama mwanzoni mwa Desemba. Hakumwonyesha mtu. Siku hiyo hiyo alichoma mabua ya shamba lake. Kisha akatoa mpunga wa kwenye kihenge, wote, hata ule wa kula, akaumwagia mafuta ya taa na kuuchoma uani. Jirani walikuja mbio wakidhani nyumba inaungua. Clotilda wa nyumba ya pili akamshika mkono: "Paskalina, una wazimu? Watu wana njaa wewe unachoma chakula?" Mama akasema, "Ni wangu."

Wengine wote wamesia Bibi Kariakoo. Umeota vizuri, kijani, unapendeza.

Halmashauri ya kijiji ikamwita. Kuchoma mazao siku hizi ni hujuma, Bibi, wewe unajua. Benjamini alimuuliza kwa upole mara tatu, "Mama Tarsis, nani kakutuma?" Wakamwuliza kama ni mimi, kama ni kituo. Akanyamaza. Wamempa adhabu ya kulima barabara na mgawo wa chakula wamempunguzia.

Nilimbana. Nilimpigia magoti. Alisema tu, "Bibi yako kaniambia nichome, na kaniambia nisiseme." Ni kweli? Ulimwambia asiseme?

Bado kuna muda mdogo. Wakiambiwa leo wang'oe miche kandokando ya shamba la kijiji, tunaweza kuokoa upande wa mtoni. Mwandikie Benjamini. Mimi nimekwishasema mpaka wananikimbia njiani.

Tarsis


Kariakoo
30 Januari 1977

Tarsis,

Ni kweli.

Nilimwandikia hivi: choma wewe, hao wengine wataona na wataiga, kwani siku zote wanakuiga, lakini jina langu usilitaje katika jambo hili. Nilidhani wataiga. Paskalina akibadili kilemba kijiji kizima kinabadili, ndivyo alivyokuwa tangu msichana. Na sikusema achome cha kula. Niliandika "mpunga wote." Yeye ni mtu wa kutii mpaka anakera. Sijui kautoa wapi utii huo, si kwangu.

Usinisukume. Nitaandika. Mkono unauma.

W.


Lukande
11 Aprili 1977

Bibi,

Shikamoo. Huku mvua zimekuwa nyingi, na umande wa asubuhi haukauki mpaka saa nne. Ndiyo hali ya hewa inayoupendeza ukungu.

Barua yako kwa Benjamini ilifika tarehe kumi na nane Machi. Wakati huo shamba la kijiji lilikuwa limekwisha badilika rangi. Ukilitazama kutoka barabarani unadhani limeiva. Ukiingia unaona masuke meupe yamekatika shingo, ukiyashika ni mapepe, hayana kitu. Upande wa mtoni nao.

Benjamini ni mtu wa haki, aliisoma barua yako mkutanoni yote, hata ulipoandika kwamba ulimfuta kamasi. Watu walisikiliza. Alipofika pale uliposema, "Mimi Winifrida naikataa mbegu yangu, na Paskalina alichoma kwa amri yangu," mzee Kasmir akanyanyuka: "Barua imeandikwa lini?" Wakamwambia mwezi huu. Akasema, "Ugonjwa umekuja, ndipo na barua inakuja. Mama wa mtu, mwanawe akishtakiwa, atasema nini?" Wakacheka. Halafu Clotilda, yule yule aliyemshika mkono, akasema, "Mimi nauliza moja tu. Paskalina alichoma wa kwake kabla jani halijaugua. Alijuaje?" Hapo hakuna aliyecheka.

Nilisimama nikaeleza koo za ukungu. Niliwachorea chini kwa kijiti. Mtu mmoja akasema, "Kwa hiyo na mwanawe alijua."

Sasa Mama hawampi moto, hawampi maji. Kiwanja chake wamepewa wengine. Mkuu wangu ameniambia nisirudi kule, si vizuri kwa kituo. Ukungu tumeupa namba na taarifa imekwenda kwa wakubwa. Wamejibu kwamba mbegu ya kusimama mbele yake haijapatikana, labda miaka sita, labda zaidi. Na mpunga wa zamani wa kwetu, ule mwekundu, nimeutafuta nyumba kwa nyumba. Waliuacha wote walipopata wako.

Nitampandisha Mama treni ya Jumanne ya wiki ijayo. Ana mzigo mmoja. Mpokee vizuri, Bibi. Nakusihi usimgombeze.

Tarsis


Kariakoo
8 Mei 1977

Tarsis,

Marahaba.

Mama yako alifika. Treni ilichelewa, nilikaa stesheni tangu alfajiri na watu wakinipita. Alishuka wa mwisho. Akapiga goti pale pale kwenye vumbi, "Shikamoo Mama," kama vile katumwa dukani na amerudi. Nikamwambia, inuka, unachafua khanga. Ndilo neno nililomwambia.

Tunalala chumba kimoja. Mboni anampenda, anamwachia mtoto ambebe. Anaamka kabla yangu, anatwanga mchele, anachekecha, mimi nikitoka nakuta unga umeshaumuka. Wateja wa Tandamti wananiuliza, "Bibi, huyu ni binti yako? Mbona mpole hivi?" Nawajibu nilimwokota.

Hasemi habari za kule. Hata siku moja. Nikimwuliza Clotilda hajambo, anasema hajambo. Nikimwuliza Kasmir, anasema mzee. Nimemtolea mifano, nimemtukana Benjamini mbele yake ili anisaidie kumtukana, akaniletea maji ya kunawa.

Alhamisi nilishindwa. Tulikuwa kwenye kikaango, watu watatu wamesimama wanangoja. Nikamwambia, "Paskalina, nimekumaliza. Nilijua nasema nini nilipokuandikia usiseme. Nilikuwa naona haya. Basi nitukane. Nitukane hapa hapa, watu wasikie, mimi si yai."

Akanitazama, Tarsis. Sura yake ile ya utotoni, akiwa na homa.

Akasema, "Mama, mafuta yamepata moto."

Nikamimina unga.

Winifrida